Picha Isiyo na Mwenyewe

Ofisini walimwita Jicho, kwa utani, kwa sababu kazi yake ilihusu watu wasioona. Shirika lao lilikuwa na tovuti ya kutafuta watu waliopotea, naye aliajiriwa kuirekebisha ili kila mtu aweze kuitumia: asiyeona, asiyesikia, hata mwenye mikono isiyotulia. Mambo hayo aliyajua tangu nyumbani. Baba yake alipopofuka uzeeni, yeye ndiye aliyekuwa akimsomea magazeti, na akithubutu kuongeza neno lake, mzee alimkatiza. Alitaka habari, hakutaka mapambo.

Alianza na vitufe, vilivyokuwa vidogo mno. Kisha akafika kwenye picha. Akawasha programu inayosoma skrini kwa sauti, akafumba macho, akasikiliza ukurasa wa waliopotea. Sauti ilitaja jina la mtu, kisha ikasema, "Picha." Jina jingine, "Picha." Ukurasa mzima ukaenda hivyo. Akafumbua macho haraka kama mtu aliyeguswa begani.

Alimwambia mkuu wake kwamba kila sura inahitaji maelezo ya maandishi. Mkuu hakuwa mtu mbaya, ila kila kitu chake kilikuwa cha haraka. Akauliza, "Sasa asiyeona atamtambuaje mtu kwa sura?" Jicho aliomba tu aachiwe ajaribu, akaachiwa, mradi kazi nyingine zisilale.

Basi akawa anaandika. Paji pana. Kovu chini ya jicho. Anacheka na mtu ambaye hayumo pichani. Sura ukiitazama mpaka ukaipatia maneno, haikutoki tena. Watu hao wa pichani wakaanza kumfuata nje ya ofisi. Kwenye foleni ya benki alijikuta akichunguza videvu vya watu. Mumewe akamtania kwamba ipo siku atapigwa kwa kukodolea macho waume za wenzake. Wakacheka wote wawili, lakini hakuacha kutazama.

Asubuhi moja simu ikalia. Alikuwa mama mmoja asiyeona, ambaye mwanawe alikuwa kwenye ukurasa ule kwa miezi mingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeandika habari za kitinda mimba wangu?"

"Ni mimi, mama."

"Umesema anatabasamu, meno yake yamejipanga vizuri."

"Ndivyo ninavyomwona hapa."

"Mwanangu aling'oka jino la mbele tangu mdogo, na halikuota tena. Akicheka, pengo ndilo linalotangulia. Huyo si wangu." Kisha akauliza, taratibu, "Muda wote huu mlikuwa mnamtafuta nani?"

Ndugu wa yule mama walikuwa mbali. Jirani aliyehamia karibuni, asiyemjua kijana, ndiye aliyemtazamia ukurasa kwenye simu, akaona jina na sura ndogo, akamwambia tayari kawekwa.

Mkuu alipoelezwa, aliketi. Walipekua kompyuta siku nzima, wakaipata picha ya kweli, imelala humo bila kutumika, na pengo lake. Jicho akampigia mama, akamsomea maelezo kabla ya kuyaweka. "Ndiye huyo," mama akasema.

Haikupita wiki, muuguzi mmoja aliyeiona picha hiyo mpya akapiga simu. Alikuwa amemuuguza kijana huyo. Kijana aligongwa na gari, hakuweza tena kusema, akafariki, akazikwa bila jina. Muuguzi alieleza kwamba mgonjwa alipokuwa bado anapumua, yeye alisimama kando ya kitanda na simu mkononi, akilinganisha sura za ukurasa ule moja moja. Jina la kijana lilikuwapo, kando ya sura ya mtu mwingine. Alilipita.

Mama hakulia mbele yao. Aliomba apelekwe kaburini, na Jicho akamshika kiwiko.

"Kuna nini hapa?"

"Udongo, mama. Majani yameanza kuota. Na kibao chenye namba."

"Nisogeze."

Akapiga magoti, akapapasa mpaka akakifikia kibao, akakaa amekishika.

Jina la mwanawe liliandikwa kaburini baadaye. Akabaki yule mwingine wa picha ya kwanza, mwenye tabasamu. Hakuwa na jina wala faili. Lakini picha haiji yenyewe: kuna mtu aliileta, akaketi kwenye benchi lao akisubiri zamu, akarudi nyumbani akiamini kwamba wake anatafutwa. Mkuu alitaka kuifuta. Jicho akakataa. Akaiweka peke yake, akaandika: Kijana, anatabasamu. Hatujui ni nani, wala nani anamtafuta.

Sasa mkuu mwenyewe, kabla hajavua koti, huuliza kama kuna aliyepiga simu kumhusu kijana yule. Hakuna. Jicho hukutana na yule mwenye tabasamu ngazini, sokoni, ng'ambo ya barabara. Akimkaribia, huwa ni mtu mwingine.