Maua ya Njano Janga

Kama nyuki hawali maua, mbona wakishatua yanadondoka?

Baba mdogo aliniuliza hivyo kijijini kwetu Janga, kwenye mpaka wa shamba lake na letu, kiganja chake kimejaa maua ya njano ya matikiti aliyoyaokota chini. Ndiyo kwanza alikuwa ameacha mihogo na kujaribu matikiti. Upande wetu ilikuwapo mizinga ya nyuki ya baba, aliyopewa na wakwe zake wa Kisarawe. Mimi nilikuwa likizo ya chuo. Nikamjibu kwamba mambo mawili kufuatana hakuthibitishi kuwa moja limesababisha jingine.

"Hayo ndiyo majibu ya chuo kikuu, mwanangu?" akacheka. "Mimi nauliza maua, wewe unanipa hotuba."

Baba alijua tu kwamba nyuki hunyonya utamu wa ua na kuliacha zima. Hilo halikumtosha mdogo wake, ambaye asubuhi aliwaona nyuki juu ya maua na jioni akayakuta maua chini.

Kwetu, anayetaka kupiga dawa humwarifu mwenye mizinga siku moja kabla, ili jioni nyuki wakisharudi azibe milango kwa majani mabichi. Baba mdogo hakusema. Alipiga asubuhi, maua yakiwa wazi, kwa sababu wadudu aliowakusudia ndio hao hao nyuki.

Kufikia mchana nyuki walikuwa wanatambaa mchangani chini ya mizinga, wakizunguka palepale. Baba alichuchumaa akawatazama. Kisha akavuka mpaka.

"Ungeniambia ningewahamisha," alisema.

"Nyuki ni wako, kaka. Lakini shamba hili ndilo watoto wangu wanalolitegemea."

Hawakugombana zaidi ya hapo, afadhali wangegombana. Matikiti yaliyoshika yalikuwa machache, madogo, yamevimba upande mmoja. Baba mdogo aliamini alichelewa kupiga dawa. Baba aliirudisha mizinga mitupu Kisarawe na hakufuga tena. Sikukuu walikula sinia tofauti. Nilipomuuliza mama mbona hakuna anayewapatanisha, alisema tuwaache, watachoka wenyewe. Baba akafariki kabla hawajachoka. Baba mdogo ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, akatoka na udongo hadi kwenye kope, bila kumtazama yeyote kati yetu.

Mwaka jana tu nilikwenda Kisarawe kwa mjomba, ambaye hufunika matikiti yake kwa neti kuzuia nzi wa matunda, na kazi ya nyuki ya kuchavusha, ambayo isipofanyika vizuri tunda huvimba upande mmoja, huifanya mwenyewe kwa mkono. Humo ndani haingii nyuki hata mmoja. Jioni nikakuta maua ya njano yamezagaa chini, nikamuuliza. Akaniambia ua dume la tikiti huchanua asubuhi moja tu, kisha hudondoka lenyewe, liguswe na nyuki lisiguswe.