Daktari Sanjdorj na Majirani wa Mama Yanjmaa

Ilikuwa mwaka wa Nguruwe, kwa kalenda yetu ya wanyama kumi na wawili, Daktari Sanjdorj alipohamia mlima Hairhan kuishi na mbwa mwitu. La, nimekosea. Mwaka wa Nguruwe theluji iling'ang'ania mpaka Juni na hakuna aliyehamia popote. Ni mwaka wa Panya, uliofuata. Mtu akishakula chumvi nyingi, miaka humgongana kichwani kama mbuzi zizini, lakini mambo yenyewe hayajaenda mbali.

Sanjdorj alikuwa mtoto wa wafugaji kama sisi sote, ila alipelekwa shule ya bweni na miaka yake saba, shule ikamnogea, hakurudi. Alisomea mbwa mwitu. Alisoma meno yao, mavi yao na koo zao kwa miaka kumi na tisa, katika chumba cha ghorofa ya nne mjini, chenye bomba la joto ukutani. Kilichobaki ni kuwaona tu. Siku alipopata ruhusa, mkewe alimfungia maandazi ya nyama mia mbili, akamwambia, "Wakikula, andika angalau wameanzia wapi."

Alifikia kwa Mama Yanjmaa, mjane mwenye kondoo mia tatu. Hema lake la sufu, la duara, lilikuwa limesimama peke yake begani mwa mlima, chini kidogo ya pango la mbwa mwitu. Sanjdorj alibadilishana naye kichupa cha ugoro, akauliza kama mifugo imenona, akanywa bakuli tatu za chai ya maziwa na chumvi. Adabu ilipotimia, akauliza lililomleta.

"Mama, mbona umekaa karibu hivi na mbwa mwitu?"

"Hatuwataji hivyo hapa. Sema wenye mlima."

"Haya, wenye mlima. Huwaogopi?"

"Niwaogopee nini? Mwizi mwenye akili haibi kwa jirani. Akigusa kondoo wangu, mimi najua wanawe wanalala wapi. Kwa hiyo wanapita hapo mlangoni na heshima zao, wanakwenda kula kwa shemeji yangu, bonde la pili."

Shemeji mwenyewe, Gombodorj, alikuwa amekaa pale pale na bakuli lake. "Nimelea watoto wa watu wengi," akasema, "na hakuna hata mmoja aliyekuja kunisalimu."

"Mwaka wa nane huu," Mama Yanjmaa akaendelea. "Sijapoteza hata mwanakondoo."

Sanjdorj akafungua daftari, akaandika kwa mwandiko mzuri sana: Imani za wenyeji. Hakuna ushahidi.

Akapiga kihema chake cha turubai juu kwenye majabali, hatua mia mbili kutoka pangoni, akalala kifudifudi na darubini. Elimu si mchezo. Kuoga aliacha, ili anuke kama mlima, na siku ya tisa akawa ananuka kama Sanjdorj, ila zaidi. Aliona jike la kijivu lenye sikio lililochanika, akalipatia namba, maana wasomi hawatoi majina. Aliona watoto watano wakigombea kwato. Kila walipojikuna aliandika saa na dakika. Alikuwa na furaha ambayo hata siku ya harusi yake hakuipata, na mkewe asisikie.

Siku ya kumi Mama Yanjmaa akapanda kumfuata.

"Mwanangu, unalala juu ya mlima wa wenyewe, unaamka, unakojoa, unaanza kuandika. Hata tone la maziwa hunyunyizi. Ulilelewa na nani?"

Alilelewa na bibi yake, ambaye hakuruhusu mtu ameze kitu asubuhi kabla mbingu haijanyunyiziwa. Mbele ya bibi hakuna daktari. Tangu siku hiyo, kila alfajiri, Sanjdorj alishuka kuchukua bakuli la maziwa mabichi, akapanda nalo, akayarusha kwa kijiko pande nne za dunia, mara tisa. Mbingu ilipokea yake, na yaliyobaki yakaangukia mawe.

Sasa, Mama Yanjmaa alikuwa na mbwa, Basar, jibwa jeusi lililolinda zizi usiku kucha na alfajiri huwa halina kazi. Basar aliyafuata maziwa mpaka juu. Alilamba mawe, akainua mguu hapa na pale, kisha akajilaza ubavuni mwa msomi. Sanjdorj alikuwa mpweke, akampapasa. Daftarini hakumwandika, maana hakuwa amekuja kuchunguza mbwa wa nyumbani.

Siku ya ishirini na nne pangoni kukawa kimya. Akaandika: Wamelala. Kesho yake akaandika: Wamelala sana.

Siku ya ishirini na sita Mama Yanjmaa alikuja juu ya farasi, mbio. Kondoo wake saba walikuwa wameuawa malishoni. Aliyatazama mawe yenye madoa meupe, akamtazama Basar, akamtazama Sanjdorj.

"Huyu anakuja hapa?"

"Kila siku, mama. Mbwa mwema sana."

"Mwanangu, wewe ungelaza wanao mahali ambapo kila alfajiri mbwa wa zizi anakuja kukukojolea karibu na mlango?"

Sanjdorj akakaa kitako.

"Wamehama," akasema mama. "Wamewabeba wana wao mdomoni, mmoja mmoja, mbele ya hayo macho yako ya vioo. Na mimi sasa si jirani wa mtu. Mimi ni nyama."

"Pole sana, mama. Lakini tukio moja halitoshi kuwa ushahidi."

"Subiri. Utaongezeka."

Uliongezeka. Wiki ilipokwisha kondoo waliouawa walikuwa wamefika kumi na tisa. Gombodorj alikuja kumpa pole, akamwambia, "Karibu, shemeji. Sasa tuliwe wote." Binti wa mama aliyekuwa mjini akaleta ujumbe: uza mifugo, njoo ukae nasi ghorofani. Mama Yanjmaa, ambaye hakuwahi kulala kwenye nyumba yenye pembe, alipanda farasi akapotea siku tatu, bila darubini wala daftari. Siku ya nne alibomoa hema, akalipakia kwenye ngamia wawili, Basar akamwachia shemeji, akahamia ng'ambo ya mlima, chini ya kilima chenye vichaka vya mireteni. Hakupoteza tena hata ukwato.

Sanjdorj alizunguka kiangazi chote akiwatafuta mbwa mwitu wake. Kwa mama alipita mara tatu, kwa sababu ya chai. Alikalishwa mahali pa mgeni wa heshima, uso mlangoni kusini, kisogo kilimani.

"Kondoo wamenona, mama."

"Wamenona."

"Hakuna aliyeliwa?"

"Hakuna."

Akaandika: Bahati.

Nyuma ya hema, juu kilimani, kikasikika kilio chembamba, kama cha watoto wakinyang'anyana mfupa. Gombodorj, aliyekuja kutembea, akashikwa na kikohozi kirefu. Mama Yanjmaa akaligonga sufuria kwa upawa, akamjazia mgeni bakuli mpaka ukingoni. Sanjdorj akawatazama wote wawili kwa zamu, akauliza swali ambalo baadaye aliliuliza kisimani, dukani na kila hema la bonde lile, mpaka akastaafu bila kujibiwa:

"Jamani, hivi wale wanyama wamehamia wapi?"