Kaburi la Upande wa Lami

Watu wa barabara walikuja kwetu, nje kidogo ya Mafinga, wakati tunapukuchua maharage. Walikuwa wawili: mpimaji, na dada wa kuorodhesha mali. Barabara kuu iendayo Mbeya ilikuwa inapanuliwa, na kwenye mlima wetu ingeongezwa njia ya malori yanayopanda polepole. Mpimaji akapigilia kigingi katikati ya shamba. Kila kilichokuwa upande wa lami kingeondoka: miparachichi, choo cha zamani, na kaburi.

Dada aliandika miparachichi, akaandika choo. Kaburi kwa macho ya mgeni lilikuwa mawe tu yaliyopangwa.

"Mama, jina la marehemu?"

"Hakuwa na jina. Mtoto wangu wa kwanza. Aliishi siku mbili."

Akaitazama fomu. "Hapa lazima nijaze kitu, mama."

Nikamwambia ajaze anachoona kinafaa. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nawaza chungu nilichoacha jikoni. Akaandika "mtoto wa", kisha jina la mume wangu, nami nikatia sahihi.

Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha mbao. Jioni nilipomweleza, alinawa, akala kwanza. Tangu tulipomzika, hatukuwahi kumtaja mtoto yule. Wadogo zake hawakujua kuwa yale mawe ni kaburi.

"Watamhamisha siku gani?" akauliza.

"Alhamisi."

"Nitaomba ruhusa."

Alhamisi kulikuwa na ukungu. Walikuja bwana afya, mwinjilisti wetu, na wanaume wawili wa kuchimba. Walichimba hadi kiunoni, hawakukuta kitu. Bwana afya akauchambua udongo kwa vidole, kisha akanisogelea.

"Mifupa ya kichanga haidumu, mama. Tutachukua udongo. Ndiyo utaratibu."

Wakaujaza kwenye shuka jeupe. Nilisubiri kulia, na waliokuwepo walinisubiri pia. Machozi hayakuja. Nilihisi baridi ya miguu tu.

Pikapu ya mradi ilikuwa tayari, lakini mume wangu alilipokea lile furushi akaanza kutembea nalo kuelekea makaburi ya usharika, kandokando ya lami, malori ya mbao yakimpita. Tukamfuata. Tulipofika njia panda akasema, bila kugeuka, "Alikuwa na nywele nyingi."

"Nyingi," nikasema.

Mwinjilisti aliomba kwa kifupi, tukafukia, tukarudi. Niliwapikia wachimbaji chai. Saa sita mume wangu alikwenda kazini.

Binti yetu mkubwa aliporudi kutoka shule alikuta shimo.

"Mama, walikuwa wanatafuta nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti ile ile ninayotumia nikimtuma dukani. Alikaa chini kwenye kizingiti na sare yake.

"Kwa hiyo mimi ni wa pili?"

"Wewe ni wa pili."

Akainuka, akaanza kunisaidia kupepeta maharage.

Sasa njia ya malori imekamilika. Nikisafiri kwenda Mbeya, huwa nakaa dirishani upande ule. Mlima umekatwa, mtaro wa zege umejengwa, na siwezi tena kusema kaburi lilikuwa wapi hasa. Basi hulipita lori, kisha tunaanza kushuka.