Boza la Maji Mlangoni kwa Nduwayezu

Nyakitonto nzima hakuna aliyemlinda mke kama Nduwayezu. Hata jogoo wa jirani akiingia uani, alimwuliza anamtafuta nani.

Basi barabara ya Kasulu kwenda Kibondo ilipoanza kuchimbwa iwekwe lami, vumbi lilipanda mpaka mbuzi wote wakawa rangi moja. Mkandarasi akaleta boza la kumwaga maji njiani. Kwa wengine lilipita mara moja kwa siku. Kwa Nduwayezu, mara tatu, na mbele ya mlango wake lilipunguza mwendo.

"Ndugu yangu, una nyota," alimtania jirani yake Hatungimana. "Sisi tunameza vumbi, wewe unanyeshewa kiangazi! Na yule dereva, Tamimu, anapaka marashi, umenusa?"

Nduwayezu hakuwa amenusa. Tangu hapo akawa ananusa. Esteri, mkewe, alianika muhogo kwenye mikeka kando ya njia, na boza likipita alipunga mkono. Mkono mzima!

Siku ya tatu Nduwayezu akalaza baiskeli yake katikati ya njia.

"Dogo, maji yako kamwage kwenu. Hapa usikanyage!"

"Mzee wangu, mimi nimetumwa na ofisi..."

"Geuza!"

Tamimu akageuza. Nduwayezu akarudi nyumbani kifua mbele, utadhani kafukuza simba.

Siku mbili malori ya moramu, ule udongo mwekundu wa kujengea njia, yakapita pakavu. Muhogo mweupe wa Esteri, wa kupeleka soko la Kasulu, ukawa mwekundu kama tofali. Esteri akaenda ofisi ya mradi kuuliza, akarudi na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa fomu ya malalamiko ya mwezi uliopita, mwandiko wake mwenyewe: *Vumbi linaharibu muhogo wangu. Naomba maji mara tatu kwa siku.* Chini afisa mazingira ameandika: *Amekubaliwa.* Chini kabisa, kwa wino mbichi: *Imesitishwa. Mume amekataa.*

"Nilimpungia mtu aliyetumwa kwa sababu nilisikilizwa," alisema Esteri. "Wewe uliniuliza nini?"

Muhogo haukuuzika, ukatwangwa ukaliwa nyumbani. Esteri akajichemshia viazi, akampakulia mumewe ugali mwekundu. Mchanga ukalia menoni.

"Mboga iko wapi, mama?" aliuliza Nduwayezu.

"Ipo. Jaza kwanza." Akamsogezea karatasi ya pili, fomu tupu.

Nduwayezu akafuta mikono, akaomba maji yarudishwe. Palipoulizwa kwa nini yalikatwa, akaandika *wivu*, herufi kubwa. Kisha akainua uso:

"Huyo Tamimu ameoa?"