Chupa ya Nyongo ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alirudi kutoka hospitali ya Kisii na mpira ubavuni, na mwisho wa mpira, chupa. Kongosho lake lilikuwa limevimba likabana njia ya nyongo, kwa hiyo nyongo ikatafutiwa mlango mwingine. Chupa aliificha ndani ya koti lake la kanisani, akawa anatembea nayo shambani kama mtu aliyeiba.

Maagizo nilipewa mimi, kwa sababu mume wangu alikuwa kazini Kericho, na katika wale waliobaki ni mimi tu niliyejua Kiswahili cha shule. Daktari akasema: nyongo ikipungua chupani, labda njia ya ndani imefunguka, mshukuruni Mungu, au labda mpira umeziba, mkimbizeni hapa. Nikamuuliza, tutajuaje? Akasema tutazame mkojo wake, choo chake na weupe wa macho: mkojo ukikolea, choo kikipauka, macho yakigeuka manjano au mwili ukimwasha, mpira umeziba.

Nilitoka pale kichwa kimevurugika. Kwetu Gusii mke wa mwana hamkazii macho baba mkwe, sembuse kumuuliza habari za chooni. Heshima hiyo tunaiita chinsoni, na si mchezo. Nikamwambia mama mkwe. Alipomuuliza mumewe, alijibiwa, "Mkojo ni mkojo."

Kisha chupa ikaanza kukauka. Mama mkwe akashangilia, akatangaza shukrani siku ya Sabato, ndizi zikakatwa. Mimi sikujua nishike lipi. Leo namwona baba mkwe anajikuna mikono, nasema mpira umeziba. Kesho anachuma chai akiimba, nasema amepona. Nilimkasirikia yeye, daktari, hata chupa yenyewe. Niliogopa atatufia huku tukimpongeza.

Sabato ikafika. Baada ya ibada baba mkwe alisimama uani kwetu, juani, watu wakainamisha vichwa ili aombe. Mimi nikainua changu nikamtazama. Macho yalikuwa ya manjano, au ndivyo nilivyodhani. Jua nalo hudanganya. Maneno yakaniponyoka, nikimwita Tata, yaani baba, kama kawaida yetu.

"Tata, mkojo wako una rangi gani?"

Mama mkwe alijiziba mdomo. Nilitamani ardhi inimeze. Baba mkwe alitazama viatu vyake.

"Kama chai ya rangi," akasema. "Na jioni natetemeka kwa baridi. Ni vibaya?"

"Ni vibaya, Tata. Mpira umeziba."

Shukrani iliishia hapo. Wanaume walimbeba mpaka barabarani, akapelekwa Kisii, mpira ukabadilishwa.

Aliporudi hakunitajia jambo lile, nami sikujua kama amenisamehe au amenichukia. Ila kila asubuhi, akitoka chooni, alisimama nyuma ya migomba, asinione wala nisimwone, akakohoa, kisha akatangaza kwa sauti ya mzee wa kanisa:

"Leo ni maji matupu!"

Nami huko jikoni, sijui niuweke wapi uso wangu, nilijibu, "Asante, Tata."