Jina la Mama Mdogo Haliingii Kwenye Kifaa

Admin, nifichie jina, maana nikijulikana kazi sina. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, Mbajuni, nimezaliwa kambini Mombasa baada ya wazazi wangu kukimbia vita Kismayo. Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki. Aliyenibakia ni mdogo wake mama, aliyerudi kwao Chovae, kisiwa cha Wabajuni upande wa Somalia, na huyo ndiye mama yangu sasa.

Kazi yangu ni kuandika programu katika kampuni ndogo hapa Mombasa. Tunatengeneza kifaa cha setilaiti cha kuombea msaada baharini. Unaandika jina lako, ukizama au ukivamiwa unabonyeza, nasi tunaona jina na mahali ulipo, hata pasipo na mtandao wa simu. Visiwani vimegawiwa vingi, na mama mdogo anacho.

Juzi nikaupitisha msimbo wetu, yaani maandishi yanayokiendesha kifaa, kwenye programu ya ukaguzi, ile inayosoma kila mstari na kutafuta makosa bila hata kukiwasha kifaa chenyewe. Ikanipa tahadhari moja iliyonikata maini. Ndani ya kumbukumbu ya kifaa, jina limetengewa nafasi ya herufi arobaini, na pembeni yake pameandikwa mahali ulipo. Aliyeandika hakuweka kipimo. Jina likizidi, linamwagikia upande wa pili na kufuta mahali, kama uji uliojazwa kupita kikombe.

Bosi akanijibu bila hata kuinua macho. "Hiyo programu hulalamika ovyo kila siku. Hebu niambie, nani ana jina la herufi arobaini?"

Sisi! Wallahi nilitamani kumpigia kelele. Ukimbizi ndio uliotufundisha sisi Wabajuni. Kwenye mahojiano ya makaratasi, ukitaja majina mawili unaambiwa wewe si Mbajuni, umejipachika tu. Basi kila mmoja wetu, hata mtoto, akiulizwa jina anataja lake, la baba, la babu, la babu wa babu, ukoo na kisiwa. Mama mdogo alipopewa kifaa nilimtania aandike kifupi asiumie vidole, akanikaripia kwa Kibajuni chetu, ambacho mtu huitwa mchu: "Mimi ni mchu, si paka! Nina wazee." Akaandika lote.

Nikachukua kifaa cha zamani kilichobaki ofisini, nikaandika jina lake kama alivyoliandika yeye, nikaomba msaada. Kwenye ramani akatokea katikati ya bara, nyika tupu, hakuna hata tone la maji. Bosi alipoona akasema tusubiri, wafadhili wako njiani, tusijitie aibu.

Nimesharekebisha. Ni mstari mmoja tu, na ninaweza kuutuma kwenye vifaa vyote kupitia setilaiti bila kumuuliza mtu. Lakini jamani, nimeujaribu kwenye kile cha zamani peke yake. Vya visiwani ni vya aina mpya, na hapa hatuna hata kimoja. Mambo yakienda mrama vyote vitazimika kwa mpigo, hata vya watu walio majini saa hizi. Na nikinyamaza, kila aliyeandika jina lake kamili atatafutwa nyikani huku anazama. Nimebanwa katikati.

Mapigano yameshasogea karibu na visiwa. Simu za Chovae zimekatika, siwezi kumwambia afupishe jina. Ujumbe wake wa mwisho ulisema: "Mwanangu, twaondoka Ijumaa baada ya sala, na watoto wote. Usilie. Tukipatwa na jambo tutabonyeza, nawe utatuona tulipo."

Leo ni Alhamisi. Mtakaonitukana nitukaneni, ila mnijibu kwanza. Nitume, au nisubiri? Angekuwa mama yako humo chomboni, wewe ungefanyaje?