Jina Langu Limecheza Mechi Ishirini na Nne

Jina langu limeichezea Nigeria mechi ishirini na nne.

Mimi mwenyewe sijawahi kupiga mpira hata wa makaratasi.

Msinicheke jamani. Naandika kwa sababu kulisema kwa mdomo siwezi. Tangu utotoni naogopa watu.

Dada yangu Osarugue alikuwa beki wa kati, kwetu Benin City. Mtaa mzima hakuna aliyempita, hata wavulana walikuwa wanamkimbia. Siku moja Kocha Ehigie akaja nyumbani, akala eba yetu, ugali wa muhogo, mpaka akalamba vidole, ndipo akafungua mdomo.

"Timu ya taifa wanataka watoto, chini ya miaka kumi na saba. Huyu ana kumi na tisa. Huyu ni bibi kizee!"

Mama akanigeukia mimi. Nilikuwa na kumi na tano.

"Ivie mwanangu, mwazime dada yako cheti chako cha kuzaliwa."

Dada akanifinya shavu. "Nikistaafu tu nakurudishia. Kwani jina linachakaa?"

Nikacheka. Nikampa.

Kuanzia siku hiyo yeye akawa Ivie, mimi nikawa Osarugue. Hata chumbani. Tukahama mtaa, na Mama akapiga marufuku majina ya zamani, majirani wapya wasije wakasikia. Chuo nimesoma kwa jina lake.

Akapanda mpaka timu ya wakubwa. Siku za mechi baa ya jirani inalipuka: "Ivie! Hapiti mtu hapo!"

Mimi niko jikoni, naitika moyoni.

Mwaka jana akanipigia simu kutoka kambini.

"Mdogo wangu, mechi moja tu, natundika njumu. Jiandae kuwa Ivie."

"Na wewe je?"

"Mimi nitazeeka ghafla!"

Tukacheka mpaka salio likaisha.

Kesho yake akaanguka mazoezini. Moyo.

Hakuamka tena.

Asubuhi ya mazishi nilimpigia Mama magoti. "Mama, tumzike kwa jina lake."

"Ili wamfutie mechi zake zote? Unataka afe mara mbili?"

Nikainuka, nikatii. Si ndiyo kazi yangu?

Kwetu mzazi haendi kwenye kaburi la mwanawe. Basi nikasimama mimi, pamoja na wakubwa wa chama cha soka, wamevaa tai. Jeneza limefunikwa bendera. Msalabani pameandikwa Ivie Aghedo, na tarehe yangu ya kuzaliwa iko pale pale.

Mkubwa mmoja akatoa daftari. "Wewe nani kwa marehemu?"

"Dada yake mkubwa."

"Unaitwa nani?"

"Osarugue."

Akaandika.

Kapteni wa timu, Nkiru, akanikabidhi begi la dada. Nilipofika nyumbani nikatoa njumu. Soli ya ndani ilikuwa imebanduka, nikaiinua niibandike vizuri.

Chini yake, kwa kalamu: OSARUGUE.

Nikainua ya pili. OSARUGUE.

Kumbe mechi zote hizo alikuwa anacheza na jina lake chini ya nyayo, mahali ambapo hakuna mtu angelisoma.

Ndugu yangu, ukiombwa jina lako, kataa. Kataa hasa kama anayeomba unampenda. Dada yangu hakunidhulumu. Alitaka kurudisha, haki ya Mungu alitaka.

Juzi nilikuwa zahanati. Karani akaita, "Osarugue!"

Nikageuka mlangoni, kumtafuta dada yangu.